Alipo Asiyekuwepo

Vitongoji, 14 Januari 2024

Kwa Mjomba wangu, Mwalimu Mjaka,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na mwanao Asma na wajukuu wote hapo Maskati. Sisi huku hatujambo, kila mmoja na dogo lake. Mama magoti yanamsumbua asubuhi, lakini jua likishapanda anasahau kuwa ana magoti. Ananituma nikwambie kuwa mkarafuu ule wa nyuma ya kisima, mliotaka kuukata wewe na yeye tangu mlipokuwa vijana, mwaka huu umezaa kuliko yote, na kwamba anaona haya kupita mbele yake. Mume wangu Hafidh bado anasomesha skuli ile ile. Wamemfanya msaidizi wa mwalimu mkuu, na kazi yake kubwa sasa, kwa anavyosema mwenyewe, ni kutafuta funguo.

Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Asma akikupa simu wewe husema uko mzima, unauliza kama nasi tuko wazima, halafu unairudisha kama kitu cha moto. Tena kuna maneno ambayo mdomo wangu unayakataa na mkono unayakubali. Ulipokuwa ukitusomesha fizikia ulitulazimisha kila mmoja awe na daftari la maswali tu, bila majibu. Wenzangu walilitumia kufungia karanga. Mimi nilikuwa naliandikia kweli.

Basi nina swali, Mjomba.

Kazi yangu unaijua. Huu mwaka wa tisa nawalaza watu nusukaputi ili wapasuliwe. Mwezi uliopita alikuja mzee mmoja wa Makangale. Tulimlaza, akapasuliwa muda wa saa tatu, tukamshona, tukamrudisha. Alipofungua macho akaniuliza mbona hatuanzi. Nilimwambia tumemaliza. Alinitazama kama mtu aliyeibiwa, akajipapasa tumbo, akalia.

Mtu aliyelala usingizi wa kawaida hujua kuwa amelala. Akiamka, hata kama hakuota kitu, anahisi kuwa usiku umepita. Mzee yule hakuhisi kitu kupita. Ni kama saa tatu za umri wake zimekatwa, kisha ncha mbili za uzi zikafungwa fundo. Nimesoma dawa zote. Najua kipimo cha kila kilo ya mwili, na najua namna ya kumwondoa mtu na namna ya kumrejesha. Ninakompeleka sikujui. Vitabu navyo vinaeleza dawa inashika wapi katika ubongo, lakini jambo lenyewe, la mtu kuwepo na halafu kutokuwepo, kila kimoja kina dhana yake.

Kwa hiyo nakuuliza wewe uliyetusomesha mwanga na sauti na nyota. Mtu akiwa hayupo, yuko wapi? Na mimi niliyekaa kichwani pake, nitajuaje kuwa kweli hayupo?

Barua anaichukua Bwana Kificho, anakwenda kumtembelea mwanawe huko. Mama anakusalimu sana.

Mimi mpwa wako,
Khairiya


Maskati, 2 Machi 2024

Mwanangu Khairiya,

Waalaykum salaam warahmatullah. Barua yako ilinifikia baada ya wiki tano, kwa sababu Bwana Kificho alikaa Dar es Salaam kwa dada yake mpaka aliposhiba. Imefika imekunjamana na ina harufu ya dagaa, na sijapata kunusa kitu kizuri kama hicho tangu nije huku.

Asma mzima, anatoka saa kumi na mbili asubuhi na kurudi magharibi. Wajukuu wazima, wananizungumzia Kiarabu, na wakitaka nisifahamu wanazungumza Kiingereza, hawajui kuwa nafahamu. Mimi mwenyewe sijambo. Asma amenikataza vitu vya mafuta, basi nala wali mweupe na samaki wa kuchemsha kama mtoto anayeachishwa ziwa. Mambo ya uzee hayo, usiyajali. Mwambie mamako kuwa mkarafuu hausikii haya, na yeye asione.

Sasa tuje kwenye swali lako.

Mimi hulala kidogo baada ya Adhuhuri. Chumba changu kina dirisha moja linalotazama mlima wa mawe, hauna mti hata mmoja. Huja siku nikafungua macho na kwa muda mfupi sijui niko wapi. Hilo si geni, humpata kila mgeni. Lakini zaidi ya hapo, kwa huo muda mfupi sijui mimi ni nani. Sijui kama nina miaka sabini na mbili au tisa. Sijui kama mamangu yuko hai. Naona mwanga juu ya ukuta, na kuna kitu kinachouona, na kitu hicho hakina jina wala umri. Halafu, taratibu, Mjaka anarudi na mizigo yake yote: goti lake, deni la sala alizochelewesha, msiba wake. Najiuliza, Mjaka alikuwa wapi? Na yule aliyekuwa anautazama ule mwanga kabla Mjaka hajafika, ni nani?

Niliwasomesha kuwa mwanga wa jua unachukua dakika nane kutufikia. Mkaandika, mkapata alama. Sidhani kama hata mmoja wenu alitoka nje akashituka kuwa jua analoliona ni la dakika nane zilizopita, na kwamba lililopo sasa hivi hakuna aliyepata kuliona. Mimi mwenyewe nimeanza kushituka nikiwa huku, kwenye baraza ya Asma, na kikombe cha chai mkononi. Mjukuu wangu mdogo aliniuliza juzi kwa nini kuna vitu, kwa nini kusingekuwa hakuna tu. Nikamjibu kuwa Mwenyezi Mungu ametaka viwepo. Akauliza kwa nini alitaka. Nikamwambia swali hilo ni kubwa kuliko kinywa chake na kuliko changu pia. Aliridhika. Mimi sikuridhika.

Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni kuwa sijui, na wala sijamkuta mtu anayejua. Tumeambiwa kuwa Mola huzichukua roho wakati wa kufa, na za wasiokufa huzichukua usingizini, kisha nyingine akazirudisha. Hilo naliamini. Lakini namna yake sikuelezwa.

Ila wewe umeuliza maswali mawili, Khairiya. La kwanza la kale, kila mtu huliuliza siku moja. La pili, la kujua kama kweli hayupo, haliulizwi na mtu aliyekaa raha mustarehe. Nilikusomesha miaka minne, naujua mkono wako unapotetemeka. Kuna nini?

Na kabla sijasahau, nina rafiki yangu hapa, makamo yangu, madaktari wanataka kumlaza. Anauliza kama mtu wa umri huu akilazwa hurudi mzima mzima, au kuna kinachobaki huko.

Nakuombea heri, mimi mjomba wako,
Mjaka


Vitongoji, 28 Aprili 2024

Mjomba wangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Eid mubarak, ingawa imeshapita. Huku tulisali mvua ikinyesha, na Mama aliivaa ile baibui uliyomletea, kisha akashinda jikoni akisema hataki ilowe. Mwezi mzima wa Ramadhani niliianza barua hii na kuichana. Hafidh akaniuliza kama nimepata mchumba mwengine.

Kuna mwanamke anaitwa Mwatima, wa Kojani. Aliletwa hospitali yetu mwezi wa Disemba, mimba ya miezi tisa, damu zinamtoka. Hapakuwa na muda wa sindano ya mgongo, ikabidi nimlaze kabisa. Mama mja mzito hupewa kipimo kidogo cha dawa ya kulala, kwa sababu inapita ikamfikia mtoto. Hupewa pia dawa ya kulegeza misuli ili daktari afanye kazi, na ikishamshika hawezi kunyanyua hata ukope. Vyote nilivipima kama nilivyofundishwa. Nilimwangalia uso, nikamwangalia mapigo. Mapigo yalikuwa juu, na kwa mtu anayepoteza damu mapigo huwa juu. Sikuona cha ajabu. Nikamwambia daktari amelala, aanze.

Mtoto alitoka wa buluu, amelegea kama kitambaa. Mkunga alimpokea, akamtikisa, akasema huyu hayupo. Na mimi, Mjomba, kwa huruma, wallahi kwa huruma, nikasema: "Afadhali mama hajui."

Walimsugua mtoto, wakamtia pumzi. Zilipita dakika nne. Halafu akalia.

Siku ya tatu nilikwenda wodini kumtazama. Alikuwa ananyonyesha. Aliniuliza kama mimi ndiye Khairiya, nikasema ndiye. Akasema sauti yangu anaijua. Hakuwa amekasirika. Alimhamisha mtoto ziwa la pili, akamfunika, kisha akaniambia polepole, kama mtu anayenisahihisha hesabu:

"Ulisema afadhali mama hajui. Mama alikuwa anajua."

Nilitazama chati yake. Niliandika joto ambalo sikulipima. Nikatoka.

Tangu siku hiyo kila niliyemlaza nilimtazama nikawaza kuwa yumo mle ndani ananisikiliza. Mikono ikaanza kutetemeka. Mwezi wa Februari nilimwambia mkuu wangu kuwa mgongo unaniuma, siwezi kusimama saa nyingi, akanihamishia chumba cha kufungia vidonda. Ndiko niliko. Hafidh hajui. Mama hajui. Sasa unajua wewe.

Rafiki yako mwambie kuwa takriban wote hurudi wazima, na kwamba yaliyompata Mwatima hutokea kwa nadra sana. Hiyo ni kweli. Lakini ukinitaka niape kuwa yeye hatokuwa katika hao wachache, siwezi. Zamani ningeapa.

Khairiya wako


Vitongoji, 30 Juni 2024

Mjomba,

Salaam nyingi. Barua yangu aliichukua mke wa Bwana Kificho mwanzoni mwa Mei, na amesharudi, anasema alikupa mkononi. Miezi miwili inakaribia. Kama nimekuudhi kwa niliyoyaandika, niambie. Kama umeniona mkosa, niambie pia, nitafurahi kusikia mtu akinitamkia.

Mama alimpigia Asma juzi. Anasema sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetoka kulia, na kila alipokutaja alibadilisha mazungumzo. Kuna nini huko?

Sote wazima. Mbuzi amezaa.

Khairiya


Maskati, 19 Julai 2024

Mwanangu Khairiya,

Salaam za mtu mwenye haya. Hukuniudhi. Nafurahi kwa mbuzi.

Yule rafiki yangu ni mimi.

Nina vijiwe kwenye mfuko wa nyongo, tangu mwaka jana. Vikichokoza, maumivu huanzia chini ya mbavu za kulia yakapanda mpaka begani, na hapo siwezi kukaa, siwezi kulala, siwezi hata kusali ila kwa ishara. Daktari alisema mfuko utolewe, na akapanga tarehe ishirini na moja Mei. Barua yako niliipata tarehe kumi na nane.

Nilikwenda siku hiyo kama kawaida. Nikavishwa nguo yao, nikalazwa kwenye kitanda cha magurudumu. Akaja mtu wa nusukaputi, kijana mpole sana, akanishika bega, kisha akageuka akazungumza na mwenzake kwa lugha ambayo mimi siijui hata neno moja. Nikawaza: ikiwa nitabaki mle ndani bila wao kujua, maneno yatakayosemwa juu yangu sitayafahamu. Mwatima aliumia kwa kufahamu. Mimi nitakuwa gizani na sauti za watu, nisijue kama wanasema nakufa au wanasema chakula kimechelewa. Nikainuka, nikaomba kanzu yangu. Asma alilia ndani ya gari kutoka hospitali mpaka mlangoni. Tangu hapo vijiwe vimenichokoza mara mbili. Daktari anasema kimoja kikiziba njia, mambo yatakuwa mabaya na hayatangoja tarehe.

Miaka thelathini na moja niliwaambia watoto wa watu kuwa kutojua si aibu wala si ugonjwa. Sasa kutojua kumenitoa mbio kitandani na nguo isiyo na mgongo.

Lakini hata hilo silo lililonizuia kukujibu. Lililonizuia ni jengine, na nitaliandika mara moja tu.

Mkaza mjomba wako, Bi Rahma, alipokuwa katika zile siku zake tatu za mwisho, hasemi, hatikisiki, macho yamefumba, sisi tulisema hayupo tena. Mimi na ndugu zake tulikaa miguuni pake tukapanga. Tulipanga azikwe wapi. Tulibishana sanda inunuliwe kwa nani. Kaka yake aliuliza vyombo vyake vya shaba apewe nani, na mimi nikajibu. Yote hayo kwa sauti ya kawaida, hatua moja kutoka masikioni mwake. Miaka sita sijapata kulifikiria. Barua yako nimeisoma na tangu hapo silifikirii jengine.

Usiniambie kuwa hakusikia. Hujui, na mimi sijui.

Mjaka


Vitongoji, 25 Agosti 2024

Mjomba wangu,

Assalaam alaykum. Nimemweleza Mama habari za vijiwe, samahani, asingelala. Amekaa siku mbili hasemi nami wala nawe. Siku ya tatu akaniambia nikuandikie kuwa wewe ni mkaidi tangu ukiwa mtoto, na kwamba anakuombea kila sala. Hafidh naye nimemwambia habari zangu, zote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kwa nini nilidhani hastahili kujua.

Barua yako niliisoma, nikakaa nayo wiki nzima. Nilitaka kukutuliza, nikaona kila neno ninalolishika ni la uongo. Basi Jumamosi nikaenda Kojani.

Nilivuka na mashua ya asubuhi, nikauliza kwa Mwatima, watoto wakanipeleka. Alikuwa kibarazani anachambua uduvi. Aliniona, hakusimama, akasogeza ungo nikapata pa kukaa. Mtoto amelala mgongoni, anaitwa Nyange, ana meno mawili. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, na nilipofungua kinywa yakatoka mawili tu, kuwa nimekuja kuomba radhi na kuwa nilitoka wodini nikamwacha peke yake na jambo lile. Hakujibu kuwa amenisamehe. Alimfungua mtoto mgongoni, akaniwekea mapajani, akaingia ndani kunitafutia maji. Alikawia. Nadhani alikawia makusudi.

Aliporudi nikamwuliza kuna nini huko. Nilimwambia namwulizia mjomba wangu na nafsi yangu. Alifikiri sana, Mjomba, hakuwa mtu wa kubahatisha. Akasema mwanzo hapakuwa na kitu. Kisha pakawa na sauti, lakini hapakuwa na anayezisikia. Haya ni maneno yake hasa, nilimrudisha mara mbili ayaseme. Zilikuwepo sauti tu, kama zinavyokuwepo katika chumba kitupu. Halafu ndipo akajijua kuwa anasikia. Hakuwa na mkono wala mguu. Hakuwa Mwatima. Maumivu yalikuwepo lakini mbali, kama ya mtu mwengine aliye chumba cha pili. Mkunga aliposema huyu hayupo, alidhani anasemwa yeye, na akakubali, akaona ni kweli, hayupo. Ni mimi niliposema neno "mama" ndipo akakumbuka kuwa kuna mama, na kwamba mama ni yeye. Hapo akarudi mzima na uchungu ukarudi naye.

Nikasema basi ni neno langu lililomtesa. Akatikisa kichwa. Akasema:

"Neno liliuma, lakini nililishika. Uliponyamaza ndipo nilipoogopa. Nilijua kuna mtu pale, halafu nikawa sijui tena."

Kisha akaniambia nikimlaza mtu mwengine, nizungumze naye, asikie asisikie. Nimwambie mimi nani, na yeye nani, na nini kinafanyika. Akasema kumwambia mtu aliyelala hakugharimu kitu.

Umeniambia nisikwambie kuwa Bi Rahma hakusikia. Sitakwambia. Lakini ikiwa alisikia, Mjomba, basi alichokisikia siku zile tatu ni sauti yako, na haikunyamaza. Alijua uko pale. Ulikuwa unapanga mambo yake kama ulivyoyapanga maisha yake yote, na kwa jinsi ninavyomkumbuka, lile la vyombo vya shaba angetaka kukubishia tu.

Rudi kwa daktari wako. Nakuomba kama mwanao.

Khairiya


Maskati, 20 Septemba 2024

Khairiya,

Salaam. Niliposoma lile la vyombo vya shaba nilicheka, na kicheko kikanigeukia. Asma akaja mbio akidhani ni vijiwe.

Nitafanyiwa. Lakini nitafanyiwa huko nyumbani, Pemba. Asma amekasirika na kasha nimeshalifunga. Ikiwa nitakuwepo pasipo kuonekana, nataka kila litakalosemwa juu yangu liwe la Kipemba, hata likiwa baya. Na wewe ukae kichwani pangu. Najua kuwa hamruhusiwi kuwalaza jamaa zenu, mwengine na anilaze. Wewe kaa tu.

Sharti moja. Uniandikie yale yatakayotokea katika saa ambazo sitakuwepo. Sitaki nikate uzi kisha nifunge fundo kama yule mzee wa Makangale. Nataka nijue kilichokuwa katikati, hata kama nitakijua kwa kusoma.

Natua mwisho wa Oktoba, Inshaallah.

Mjaka


Hospitali, 5 Novemba 2024, kwenye benchi nje ya wodi

Mjomba,

Uko hatua kumi kutoka nilipo, unakoroma. Mama amekaa pembeni yako na ameshawaambia wagonjwa wote wa wodi kuwa wewe ni mkaidi. Hii ndiyo barua uliyoitaka.

Uliingia chumba cha upasuaji saa tatu na dakika tano asubuhi. Nassor ndiye aliyekulaza, mwenzangu tuliyesoma pamoja, mkono wake mwepesi. Ulikuwa unasoma kimoyomoyo, midomo inacheza. Saa tatu na robo midomo ikasimama. Nilikuwa nimekushika kichwa kwa mikono miwili. Haikutetemeka, na nikaona ajabu.

Nikaanza kukwambia. Nilikwambia wewe ni Mjaka, kaka yake Mama, uko Pemba, na mimi ni Khairiya. Nilikwambia daktari anapokata. Daktari mwanzo alinitazama, baadaye akawa anangoja nikwambie ndipo aendelee. Yalipokwisha ya kukwambia nikakupa habari za mjini: nani kaoa, nani kafa, kiwanja gani kimejengwa. Nilikutajia darasa letu lote kwa majina, safu kwa safu. Nassor akanisahihisha mawili.

Saa nne na dakika ishirini presha yako ilishuka. Ilishuka sana, kwa dakika tatu. Nassor alikimbilia dawa. Nami nilikuwa nimekuahidi kuwa sitasema juu yako neno ambalo nisingelisema mbele yako, lakini hapo nilisema moja ambalo halikuwa la kukufahamisha. Nilisema: "Mjomba, usiende." Kama ulilisikia, hilo halikuwa lako, lilikuwa langu mimi. Presha ikapanda.

Wametoa vijiwe kumi na moja. Vimo kwenye chupa, Mama anavilinda.

Saa tano na dakika arubaini ulifungua macho ukamtazama Nassor, ukafumba tena.

Nilikutazama saa mbili na zaidi, Mjomba, kwa karibu kuliko nilivyopata kumtazama mtu. Uso ulikuwa wako na pumzi zilikuwa zako. Hata sasa sijui kama ulikuwepo. Nimemwambia mkuu wangu kuwa mgongo umepona. Kesho nina wagonjwa wawili.

Khairiya


Wodini, 7 Novemba 2024

Mwanangu,

Leo nimeweza kushika kalamu. Mamako anasema nisiandike, kwa hiyo naandika akiwa ameenda kuchukua uji.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Naisoma kama habari za mtu mwenye jina langu aliyesafiri. Sikusikia kitu. Sikusikia jina langu, wala habari za nani kaoa, wala lile ulilosema presha iliposhuka. Nilitaka sana nikwambie kuwa nililisikia. Sikulisikia. Lakini sikwenda pia.

Hofu yangu ilikuwa ni giza, nikiwa ndani yake. Halikuwepo giza. Hata mimi sikuwepo wa kuliona. Sijui kama Rahma alikuwa kama Mwatima au alikuwa kama mimi. Nimelala hapa siku mbili nikijua kuwa sijui, na kwa mara ya kwanza hilo halinikimbizi.

Ila kuna jambo moja nitakwambia, ulitafakari, sitaki jibu. Aliponilaza Nassor nilikuwa nasoma Alhamdu, na nilikuwa nimefika *Maliki yaumid-din*. Hapo ndipo midomo iliposimama. Na nilipofungua macho, kabla sijajua niko wapi, kabla sijajua kuwa mimi ni Mjaka, niliukuta ulimi wangu umeshaanza kusema *Iyyaka na'abudu*.

Haukuruka aya. Haukurudi mwanzo. Baina ya aya hizo mbili kuna saa mbili na dakika ishirini na tano, na mimi sikuwepo, na kuna aliyenishikia mahali pangu.